Projekta au TV flati kwa ajili ya gemu: pima hivi kabla hujatoa hela

Swali hili linaulizwa sana siku hizi kwasababu projekta zimeshuka bei mno. Ukipita Kariakoo, au Luthuli kwa wenzetu wa Nairobi, unakutana na vile vidude vidogo vya mviringo vimewashwa dukani vinapiga picha kubwa ukutani, na bei yake haifiki hata TV ya inchi 43, basi mtu anaona hapo ndio kapatia, PS yake itaonekana kama yuko ukumbini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome mpaka chini ukitafuta jibu: watu wengi wenye chumba kimoja au chumba na sebule, wanaocheza mchana na usiku, wachukue TV. Projekta ni ya mtu mwenye chumba anachoweza kukifanya giza, ana washkaji wanaokuja, na yuko tayari kununua projekta ya ukweli na sio kidude cha kuangalizia katuni. Inchi ndio zinazokuvutia dukani, ila kitakachokufanya ufurahie gemu au uuze hicho chombo baada ya mwezi ni mwanga wa chumba na lagi (picha kuchelewa ukibonyeza pedi). Tuanze na hivyo viwili.

Hatua ya 1: kaa kwenye chumba chako saa nane mchana

Fungua mapazia kama unavyokaa siku zote, angalia ule ukuta unaotaka kuupiga picha. Unavyouona hapo, hiyo rangi ya ukuta ndio itakuwa NYEUSI ya projekta yako. Hili watu hawalifikirii kabisa. Projekta haiwezi kurusha weusi, inarusha mwanga tu, sehemu nyeusi ya picha maana yake ni sehemu isiyopigwa mwanga, kwahiyo kama ukuta unaonekana mweupe kwasababu ya dirisha, basi usiku wa kwenye gemu utakuwa wa kijivu. Gemu ya mpira utavumilia maana uwanja ni kijani kibichi na mwanga mwingi, lakini ingia kwenye gemu za kutisha au za vita kwenye mahandaki, adui amesimama kwenye kona na we humuoni, unakufa tu huelewi umepigwa na nani.

Af kuna hesabu ya ukubwa. Mwanga wa projekta ni uleule, ukiutandaza kwenye picha kubwa unakuwa hafifu. Picha ya inchi 100 ina eneo zaidi ya mara tatu ya TV ya inchi 55, na ukienda inchi 150 unazidisha tena mara mbili na robo ya ile ya 100. Ndio maana muuzaji atakwambia hii inafika inchi 200, ni kweli inafika, ila hapo utahitaji giza la kufunga macho.

Kama chumba chako kinaweza kuwa giza (mapazia mazito, au unacheza kuanzia saa moja jioni kwenda mbele) endelea na hatua inayofuata. Kama haiwezekani, ishia hapa, nenda kwenye TV na usome kuanzia hatua ya 3.

Hatua ya 2: chukua futi, pima ukuta na umbali

Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Pima ukuta wako kwanza, maana nyumba nyingi za kupanga ukuta una dirisha, swichi, na mlango wa chumbani, ukitoa hivyo unabaki na nafasi ya inchi 80 tu (upana sentimita 177).

Baada ya hapo tafuta kwenye karatasi ya projekta namba inayoitwa throw ratio. Unaichukua unaizidisha na upana wa picha, unapata umbali kutoka kwenye lenzi mpaka ukutani. Mfano ina 1.2, unataka inchi 100, basi 1.2 mara 2.21 ni mita 2.65. Ikiwa 1.5 inakuwa mita 3.3. Sasa chumba cha futi kumi kwa kumi ni kama mita 3 na kidogo, hiyo ya 1.5 haingii kabisa, na hiyo ya 1.2 inaingia ila iko nyuma yako, maana yake kila anayesimama kwenda kunywa maji anatembeza kivuli chake kwenye goli. Hapo ama uifunge darini ama utafute ile ya karibu, short throw, zenye 0.5 zinakaa mita 1.1 tu kutoka ukutani na bei yake imechangamka.

Usijidanganye kuiweka pembeni kwenye kabati ukitegemea ile setingi ya kunyoosha picha, wanaiita keystone. Inanyoosha kweli, lakini inafanya hivyo kwa kuibana picha, unapoteza ukali, na kwenye baadhi ya projekta inaongeza lagi au inazima kabisa ile modi ya haraka ya gemu. Projekta ya gemu ikae katikati, inyooke yenyewe.

Na ukiifunga darini kumbuka waya. Kutoka kwenye PS mpaka darini unaweza kuhitaji HDMI (waya wa picha na sauti) ya mita 5 mpaka 10, na waya mrefu wa bei ya kutupa ukipitisha 4K (picha ya pikseli 3840 kwa 2160) unaanza kukatakata picha, skrini inazima inarudi. Kwa urefu huo ulizia HDMI ya faiba.

Hatua ya 3: lagi, hapa usiwe na haraka

Lagi ninayoiongelea sio ya intaneti. Ni muda kutoka unapobonyeza pedi mpaka picha ibadilike kwenye kioo. TV na projekta za sasa zinapokea picha halafu zinaichezea kwanza, zinaongeza rangi, zinalainisha mwendo, zinaikuza, ndio zinakuonyesha. Kwenye muvi huwezi kujua maana sauti nayo inacheleweshwa pamoja na picha. Kwenye gemu unajua vizuri sana, mshambuliaji kashapita beki ndio beki wako anaanza kukaba.

Wale waliokua na PS1 na PS2 kwenye TV za chogo hawakuwahi kukutana na hili, chogo ilikuwa inapokea na kuonyesha papo hapo, haina muda wa kufikiria. Ndio maana utasikia bro mmoja wa zamani anasema nilikuwa naua sana enzi zile sa hivi nimeshuka kiwango, wakati labda ni TV yake tu.

Namba zenyewe ziko hivi. Gemu inayotembea fremu 60 (yaani picha 60) kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 16.7. TV nyingi ukiziacha kwenye hali ya kawaida zinaweza kufika milisekunde 50 mpaka 100 na zaidi, ila ukiwasha Game Mode, setingi inayopunguza huko kuichezea picha, TV nyingi za sasa za kampuni zinazoeleweka zinashuka chini ya 20. Projekta za kawaida hazina adabu hiyo, nyingi hazijatengenezwa na mtu aliyefikiria gemu, na zile za Android za bei rahisi ndio kabisa, unabonyeza shuti unasubiri. Projekta za gemu zipo na ziko vizuri, mfano BenQ TH685 inatajwa milisekunde 8.3 kwenye 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) Hz 120 (picha 120 kwa sekunde), na X3000i ya haohao inafika 4 kwenye 1080p Hz 240. Ila hizo ukiziulizia bei utakuta umeshaingia kwenye hela ya TV kubwa nzuri, tena unarudisha chenji.

Chini ya 20 unacheza chochote. 20 mpaka 40 mtu wa kawaida anacheza mpira na mbio za magari bila kulalamika. Ikivuka 50 mi siwezi kumshauri mtu anayecheza online ainunue, labda kama gemu zake ni za taratibu.

Utaipimaje dukani? Beba mashine yako. Ndio, beba PS yako kwenye begi na pedi, muuzaji wa maana hatakukatalia, na anayekataa nenda duka la pili. Washa gemu unayoijua kabisa mkononi, halafu toa simu yenye slow motion ya fremu 240, rekodi kidole chako kwenye pedi na kioo vyote vionekane kwenye video moja. Ukiirudia video taratibu hesabu fremu kuanzia kitufe kimeshuka mpaka mchezaji ameanza kusogea, kila fremu ya video ni kama milisekunde 4. Hiyo namba ina lagi ya gemu yenyewe ndani yake kwahiyo itakuwa kubwa kuliko ya kwenye makaratasi, usishtuke, unachotakiwa ni kupima vyombo viwili kwa gemu ileile na kitufe kilekile halafu ulinganishe. Tofauti ya fremu 15 za video ni milisekunde 60 na ushaelewa hapo.

Kurusha picha bila waya kutoka kwenye simu au laptop kwenda kwenye projekta, sahau. Kwa gemu ni waya tu.

Hatua ya 4: mashine yako inatoa nini

Usilipie kitu ambacho mashine yako haiwezi kukitumia. PS4 ya kawaida inatoa 1080p na fremu 60 mwisho, ukiiwekea TV ya 4K ya Hz 120 itacheza vizuri ila ile hela ya ziada imekaa bure mpaka siku ukibadilisha mashine. Nintendo Switch ya kwanza nayo ni 1080p ikiwa kwenye doki. PS4 Pro inafika 4K ila bado fremu 60. PS5 na Xbox Series X ndio zinaweza 4K kwa Hz 120, na kwa hilo zinahitaji tundu la HDMI 2.1. Tundu la HDMI 2.0 linaishia 4K Hz 60, au unashusha kwenye 1080p unapata 120.

Hapa TV inaipiga projekta kwa mbali. TV zenye HDMI 2.1 na VRR, ile inayofanya TV ifuate kasi ya gemu ili picha isikatike katikati, ziko nyingi madukani. Projekta zenye hivyo vyote ni chache na ni ghali. Pia projekta nyingi zilizoandikwa 4K kwenye daraja la kati zina kichipu cha pikseli 1920 kwa 1080 ambacho picha yake inasogezwa kwa kasi mara nne ili ijaze 4K, picha inatoka nzuri kweli sikatai, ila ile 240 Hz wanayoiandika ujue ni ya 1080p.

Sasa kama we ni mtu wa mpira tu, EA FC na eFootball, hizo zinacheza fremu 60, hizo 120 zisikunyime usingizi. Weka hela kwenye ukubwa na rangi. Mtu wa Call of Duty na Fortnite huyo ndio atafute 120.

Hatua ya 5: soma boksi kwa jicho la polisi

Kwenye projekta kuna maneno mawili ya kutazama. La kwanza ni lumeni, kipimo cha mwanga. Utakuta kidude cha ngumi moja kimeandikwa lumeni 9000. Muulize muuzaji: ANSI ngapi? Hiyo ndio inayopimwa kwa utaratibu unaoeleweka, na vingi vya hivyo vidude ukivipima kwa ANSI vinaangukia kwenye mamia machache tu. Kwa inchi 100 kwenye chumba cha giza mi ningeanzia ANSI 1000, kama kuna mwanga kidogo 2500 mpaka 3500.

La pili ni "supported". 4K supported maana yake inaipokea 4K, halafu inaikamua iingie kwenye pikseli ilizonazo, ambazo zinaweza kuwa 1280 kwa 720 au hata 800 kwa 480. Tafuta neno "native". Kwenye 800 kwa 480 majina ya wachezaji na ile ramani ndogo ya chini huvisomi, unabaki kukisia.

Kuna na projekta za mtumba za maofisini, Epson nyingi zinakuja kutoka nje, ni imara na zina mwanga wa kutosha, shida yake nyingi ni za pikseli 1024 kwa 768, umbo lake ni la mraba kidogo. Ukichomeka PS inatumia 1024 kwa 576 tu, juu na chini panabaki mistari myeusi. Angalia pia kama ina HDMI au ni VGA (lile tundu la zamani la kompyuta) peke yake, na uombe kuona masaa ya taa kwenye menyu, yapo, muuzaji mjanja atakwambia hayaonekani.

Kwa upande wa TV tatizo ni TV za majina usiyoyajua. Zile double glass ni nzuri kama una watoto wanaorusha vitu, kioo cha mbele kinavumilia, ila hicho hicho kioo kinaakisi dirisha lote, na nyingi ya hizo za bei rahisi hata Game Mode hazina. Ingia kwenye menyu ya picha hapo hapo dukani uone kama ipo. Ikikosekana rudi kwenye kupima na simu.

Hatua ya 6: sauti

TV inatosha kuanzia. Projekta spika zake ndogo na feni iko pembeni inapuliza, utahitaji sabufa. Usiunganishe kwa bluetooth, inachelewesha sauti milisekunde 100 mpaka 200, unaona bunduki imelipuka ndio mlio unakuja. Tumia waya wa AUX kutoka kwenye projekta, na hakikisha hilo tundu lipo kabla hujalipa kwasababu PS5 yenyewe haina tundu la optical (la waya wa mwanga) la kutolea sauti.

Hatua ya 7: umeme, joto na taa

TV ya LED ya inchi 55 inakula kama wati 100 mpaka 130. Projekta ya taa ya kawaida wati 250 mpaka 300. Masaa sita kwa siku, TV inakula uniti 0.7 hivi na projekta mpaka 1.8, kwa uniti ya shilingi 350 na kitu ya Tanesco ni kama 250 dhidi ya 640 kila siku. Kwa mtu wa nyumbani anayecheza wikiendi sio ishu. Kwa mwenye banda la gemu linalofunguliwa asubuhi mpaka usiku, ishu.

Ila umeme kukatika ndio kunaniogopesha zaidi ya bili. Projekta ya taa ikizimwa inabaki inapuliza feni kwa muda kidogo kupoza taa, umeme ukikatika ghafla ile feni inasimama taa ikiwa ya moto kali, fanya hivyo kila wiki uone kama taa itafika umri wake. Kama mtaa wenu unakatika hovyo weka UPS (betri ya akiba) ya kuibeba hata dakika kumi tu, au chukua projekta ya LED au leza ambazo hazina hiyo taa ya kioo. TV nayo inahitaji TV guard, umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaoua.

Umri: taa ya kawaida ni masaa 3000 mpaka 5000, leza na LED zinatajwa 20,000 na kuendelea. Nyumbani masaa 4000 ni miaka. Kwenye banda la masaa 12 kwa siku ni chini ya mwaka, halafu unaanza kutafuta taa ya modeli hiyo mjini kote. TV ikizima taa za ndani fundi wa mtaani anabadilisha zile stripu na unaondoka nayo jioni, tofauti na kioo kikipasuka, hapo ni kama kununua upya, kwahiyo pedi zenye waya na watu wenye hasira wakae mbali kidogo.

Vumbi: projekta inavuta hewa, inavuta na vumbi. Toa filta uisafishe mara kwa mara. Wa Dodoma mnanielewa.

Kwa wanaofungua banda kabisa, msinunue projekta. TV nne za inchi 43 zinaingiza hela kwa watu wanane kwa wakati mmoja, projekta moja ni watu wawili na giza ambalo wazazi wa mtaa hawatalipenda. Projekta iwe ya siku ya fainali tu.

Hatua ya 8: umeshanunua, seti hivi

TV nyingi zinakuja setingi nzuri zimezimwa. Kwanza washa Game Mode, kwenye LG iko ndani ya Game Optimizer. Pili nenda kwenye setingi ya tundu lenyewe la HDMI, Samsung wanaita Input Signal Plus, LG wanaita HDMI Deep Colour, Sony na Hisense utakutana na neno Enhanced. Bila hiyo tundu linaweza kubaki linapokea picha ya chini hata kama TV ni ya laki ngapi. Zima kila kitu chenye neno motion au smooth.

Kama ni OLED (TV ambayo kila pikseli inawaka yenyewe) punguza mwanga kidogo na usiache ubao wa magoli umesimama kwenye kioo masaa na masaa ukaenda kula, alama zisizosogea zinaweza kujichora pale moja kwa moja. Projekta kwa kawaida haina ugonjwa huo.

Kwenye projekta: keystone zima, chagua modi ya gemu, ukuta upakwe nyeupe isiyong'aa, rangi ya mafuta inarudisha mwanga machoni. Kaa mita 3 hivi kwa inchi 100 ya 1080p, ukisogea karibu zaidi unaanza kuona vitone.

Mwisho ingia kwenye PS5, Settings, Screen and Video, Video Output, halafu Video Output Information. Itakwambia inatoa pikseli ngapi na Hz ngapi. Kwenye menyu kuona 60 sio kosa, fungua gemu yenye 120, uiwashe hiyo 120 kwenye setingi za gemu, ndio urudi kuangalia. Ikibaki 60 na TV yako ni ya 120, chomoa waya uhamishie tundu jingine, kwasababu TV nyingi zina matundu manne na ni moja au mawili tu yenye 2.1, na waya utumie ule uliokuja kwenye boksi la PS5, sio wa kile king'amuzi.